Kufungua dirisha jipya kwa NEWCLI kwenye Amiga 500

Amiga 500, kompyuta ya zamani ninayoitumia hapa Ngamiani, Tanga, aliileta ami yangu aliyekuwa baharia. Aliinunua Ujerumani ikiwa imeshatumika, akaichezea msimu mmoja, kisha ikapanda juu ya kabati ikafunikwa kanga. Nilipoifungua nilikuta soketi na miguu ya vipuri imeota kutu ya kijani, kazi ya upepo wetu wa bahari huo. Nikasugua kwa mswaki na spiriti, nikaacha ikauke siku mbili, nikawasha. Ukatokea mkono ulioshika diski, kwenye skrini nyeupe. Nikajua ni mzima.

Huo mkono ukumbuke, maana ndio unaokwambia una mashine ipi. Mkono maana yake Kickstart, programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine, ni 1.2 au 1.3. Ukiona diski inayochezacheza ikiingia kwenye mashine, una 2.0 au mpya zaidi, na mambo kadhaa hapa chini yatakuwa mepesi kwako. Mimi naandika kwa 1.3, nikifika penye tofauti nitasema.

Commodore waliitoa Amiga 500 mwaka 1987, ina prosesa ya Motorola 68000 inayokwenda megahezi 7 na kidogo, na memori ya KB 512. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Hata hivyo inaendesha programu kadhaa kwa mpigo, na kila moja unaweza kuipa dirisha lake. Amri ya kufungulia dirisha la maandishi ni NEWCLI.

Hatua ya 1: Andaa diski

Tumia nakala ya Workbench 1.3, diski ya kuwashia mashine yenye ikoni na amri zake, usitumie ile halisi. Sukuma kile kibati cha plastiki kwenye kona mpaka tundu libaki wazi, hapo mashine haiwezi kuandika juu yake. Ukifika hatua ya 6 utakirudisha.

Diski ikishasoma, fungua ikoni yake kwa kubofya mara mbili, kisha bofya mara mbili ikoni ya Shell. Litatokea dirisha lenye alama ya kusubiri amri. Hapo ndipo tunapoandikia.

Hatua ya 2: Ijue kibodi yako kabla hujamlaumu mtu

Hapa nilipoteza jioni nzima. Mashine imetoka Ujerumani, kwa hiyo kibodi ina herufi za Kijerumani, lakini diski yangu ni ya Kiingereza na mashine ikiwaka hutumia mpangilio wa Kimarekani. Unabonyeza Z, inaandika Y. Alama ya nukta mbili nimeitafuta kila mahali, na bila nukta mbili huwezi kufanya lolote kwenye Amiga.

Jibu lake ni hili: sahau kilichochorwa kwenye kitufe, fuata mahali kilipo. Nukta mbili ni Shift na kitufe kinachofuata kulia kwa L, kile chenye Ö. Alama ya kufunga maneno (") ni Shift na kinachofuata tena, chenye Ä. Mkwaju wa mlazo (/) ni kile kilichochorwa kistari, kulia kwa nukta. Nimebandika vipande vya plasta juu yake na kuandika kwa peni.

Ukipenda kibodi ifuate michoro yake, na diski yako ina faili la mpangilio wa Kijerumani liitwalo d, andika:

SYS:System/SetMap d

Mimi sikupenda, nimeshazoea plasta zangu.

Hatua ya 3: Fungua dirisha la kwanza

NEWCLI

Bonyeza Return. Dirisha la pili linafunguka lenye alama 2>, na hiyo 2 ni namba ya kazi. Ukifungua jingine utapata 3. Kila dirisha lina akili yake: ukihama folda kwa CD katika la pili, la kwanza linabaki pale pale lilipokuwa. Ila linapozaliwa hurithi folda ya dirisha lililolizaa, kwa hiyo hama kwanza, ndipo ufungue.

Ipo pia NEWSHELL, nduguye. Kwenye 1.3 dirisha lake linakumbuka amri zilizopita ukibonyeza mshale wa juu, na unaweza kurudi nyuma kwa mishale kusahihisha herufi bila kufuta zilizofuata. La NEWCLI halina hayo. Kuanzia 2.0 tofauti hiyo imekwisha. Vipimo vya hatua inayofuata ni vilevile, ila kwa NEWSHELL ya 1.3, mahali pa neno CON: linaloanza vipimo hivyo andika NEWCON:.

Hatua ya 4: Pima dirisha kama seremala

Dirisha linalojifungulia lenyewe hukaa mahali linapotaka, mara nyingi juu ya kazi yako. Sema unalitaka wapi:

NEWCLI "CON:0/128/640/128/Dirisha la Pili"

Seremala anayekuja kukata tundu la dirisha ukutani huuliza mambo manne: nianzie wapi kutoka kushoto, nishuke kiasi gani kutoka juu, upana, na kimo. Namba zinakwenda kwa mpango huohuo, zikihesabiwa kwa doti kutoka kona ya juu kushoto. Ya tano ni jina litakaloandikwa kwenye ukingo wa juu. Jina likiwa na nafasi ndani yake, lazima vyote vifungwe ndani ya alama za kufunga maneno, la sivyo amri inakatika katikati.

Mpwa wangu, ambaye ndiye mwanagenzi wangu wakati wa likizo, aliandika:

NEWCLI "CON:0/100/640/200/Kazi"

"Mjomba, limegoma."

"Umejumlisha?"

"Nijumlishe nini? Nimeiga kwenye kitabu."

Kitabu hakikumdanganya kuhusu 200, ila alisahau kwamba ameanzia 100. Mia na mia mbili ni mia tatu, na skrini ya Amiga ya PAL, mfumo wa televisheni ambao ndio wetu na wa Ulaya, ina kimo cha doti 256. Ile ya NTSC ya Marekani ina 200 tu. Upana ni 640 kwa zote mbili. Kwa hiyo namba ya pili ukijumlisha na ya nne isizidi 256, na ya kwanza ukijumlisha na ya tatu isizidi 640. Kwenye 1.3 ukizidisha hata doti moja, hupati dirisha.

Wa 2.0 na kuendelea mmepewa ukarimu zaidi: upana mkiuacha wazi, yaani mikwaju miwili ikifuatana, mashine inaujaza yenyewe.

Hatua ya 5: Diski ileile, kila saa

Kwenye 1.3, NEWCLI ni faili ndogo iliyo ndani ya folda C ya diski ya Workbench. Ukitoa diski hiyo ukaweka yako ya kazi, halafu ukaandika NEWCLI, mashine itakuomba urudishe Workbench. Ukirudisha, itaomba tena ya kazi. Mwenye mlango mmoja wa diski anaweza kushinda hapo akipokezana nazo kama mtu anayechota maji kwa kikombe.

Punguza safari kwa kuinakili kwenye memori:

COPY C:NEWCLI RAM:

Halafu uwe unaandika RAM:NEWCLI. Usitarajie maombi yaishe kabisa, kwa sababu dirisha jipya bado husoma faili lake la kuanzia kutoka folda S ya Workbench. Lakini yatapungua. Kwenye 2.0 amri ya NEWCLI imo ndani ya ROM, memori ya kudumu ya mashine, kwa hiyo yenyewe haitafutwi kwenye diski.

Hatua ya 6: Dirisha linaloamka na kazi zake

Hii ndiyo ninayoitumia kila siku. Ruhusu diski kuandikwa, kisha andika ED S:Kazi (ED ni programu ya kuandikia faili). Ndani yake weka mistari hii:

CD RAM:
PROMPT "Kazi> "
ECHO "Waja leo, waondoka leo"

Bonyeza Esc, kisha X, kisha Return, faili imehifadhiwa. Sasa:

NEWCLI "CON:0/128/640/128/Kazi" FROM S:Kazi

Dirisha linafunguka chini ya skrini likiwa limeshahamia RAM, na salamu ya Tanga juu yake.

Hatua ya 7: Elekeza maandishi kwenye dirisha

CON: ni kifaa, na mashine inakiandikia kama inavyoandikia faili. Kwa hiyo si lazima NEWCLI ihusike:

LIST >CON:0/100/640/150/Orodha DF0:

Orodha ya diski inatoka kwenye dirisha lake. Tatizo ni kwamba LIST ikimaliza, dirisha linafunga kabla hujasoma. Kwenye 2.0 ongeza /WAIT baada ya jina, litakusubiri ulifunge mwenyewe. Kwenye 1.3 bonyeza kitufe cha nafasi orodha ikiwa bado inashuka, inasimama; futa ile nafasi kwa Backspace, inaendelea. Uwe mwepesi wa kidole.

Hatua ya 8: Kufunga

Usitafute kitufe cha kufungia kwenye ukingo wa dirisha, kwenye 1.3 hakipo. Andika ENDCLI ndani ya dirisha unalotaka lifungwe. Ukiandika kwenye la mwisho, wakati Workbench haijafunguliwa, unabaki na skrini tupu na huna pa kuandikia.

Wakati mwingine ENDCLI inapita lakini dirisha linabaki limekufa. Sababu ni programu uliyoianzisha humo kwa RUN, amri ya kuendesha programu pembeni, na bado inaendelea: imelishika dirisha. Funga programu hiyo, dirisha litaondoka. Kuanzia hapo anzisha hivi, ukiielekeza kwa NIL:, kifaa kitupu, isiwe na la kushika:

RUN <NIL: >NIL: SYS:Utilities/Clock

Andika STATUS ukitaka kuona ni kazi zipi ziko hai. Na kabla ya kutoa diski, angalia taa ya mlango wake. Ikiwa bado inawaka, usiiguse, hata kama maghrib imeadhiniwa na kijana wa kahawa anapiga hodi.