Somo: Kuhamisha mafaili ya kompyuta mbili za zamani kwenda moja mpya

Habari za jioni wakuu. Kosa ninalotaka kuwaepusha nalo limeshanitokea mimi. Nilikuwa na kompyuta mpakato mbili, ya nyumbani na ya steshenari yangu, zote zina folda inayoitwa Picha. Nilipopata mpya nikamimina ya kwanza, kisha ya pili juu yake. Windows ikauliza kuhusu majina yanayofanana, nikabonyeza "Replace" nikidhani ni nakala zilezile. Kumbe kamera huhesabu kuanzia DSC_0001, ikifika 9999 inarudi mwanzo. DSC_0412 ya nyumbani ilikuwa mdogo wangu anavishwa pete. Ya dukani ilikuwa pasipoti ya mteja, na ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo shikeni hili: usichanganye wakati wa kuhamisha. Kila mashine ipate folda yake kwanza.

Hatua ya 1. Tafuta diski ya nje yenye nafasi kuzidi jumla ya mashine zote mbili. Ndani yake tengeneza folda NYUMBANI na DUKANI. Chaja iwe kwenye umeme muda wote, maana kwa USB 2.0, GB 200 huchukua karibu saa mbili, na mafaili madogo madogo huchelewesha zaidi.

Hatua ya 2. Usinakili kwa kipanya, tumia robocopy. Ni amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows tangu Vista. Fungua Command Prompt uandike:

robocopy "C:\Users\JINA" "E:\NYUMBANI" /E /XJ /XD AppData /R:1 /W:1

JINA ni jina la folda yako ndani ya Users, na E ni herufi ya diski ya nje. /E hubeba folda zote za ndani. /XJ huruka viungo vya mfumo vinavyoweza kuifanya izunguke bila mwisho. /XD AppData huiruka folda ya AppData. Msisahau /R:1 na /W:1 (rudia mara moja, subiri sekunde moja), hasa kwa diski iliyochoka: bila hizo, robocopy hulirudia faili bovu hadi mara milioni moja, na kila mara husubiri sekunde 30. Mashine ya pili, weka DUKANI.

Angalia pia diski D na mzizi wa C. Wengi wetu tuna folda tulizotengeneza huko miaka mingi iliyopita.

Hatua ya 3. Bofya kitufe cha kulia juu ya Documents ya zamani, kisha juu ya nakala yake, ufungue "Properties". Linganisha idadi ya mafaili na "Size". "Size on disk" iache, hiyo hutofautiana kulingana na diski ilivyofomatiwa.

Hatua ya 4. Skani virusi kwenye diski ya nje, hasa folda ya dukani ambako flashi za kila mteja zimepita. Ukimaliza, nakili folda zote mbili kwenye mashine mpya kama zilivyo. Kuchanganya fanya siku nyingine, taratibu. Majina yakigongana, chagua "Let me decide for each file" na utie tiki pande zote mbili. Zote zitabaki, moja itaongezewa namba.

MASWALI

*Mkuu, yangu moja haiwaki kabisa. Nimepoteza?*
Mara nyingi hapana. Kama ni diski ya SATA ya inchi 2.5, mwambie fundi aitoe, uichomeke kwa adapta ya SATA kwenda USB. Ikiwa imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski), utahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft, mara nyingi huhifadhiwa humo. Mashine nyingine ndogo zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi, hizo hazitolewi.

*Flashi yangu ina GB 50 wazi lakini inakataa video ya GB 6.*
Imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati iwe exFAT. Hamisha vilivyomo kwanza, kufomati kunafuta kila kitu.

*Na programu, nazo nizinakili?*
Hapana, zisakinishe upya. Chukua data zake tu.

*Nakala mbili mbili nitaziondoaje?*
dupeGuru ni programu ya bure na inaweza kulinganisha yaliyomo, siyo jina. Lakini usifute chochote kabla hujafungua picha zako kadhaa za muhimu kwenye mashine mpya ukaziona kwa macho. Zile mbili za zamani mimi huziacha kabatini mwezi mzima bila kuzigusa.