Ujumbe wa "kompyuta yako ina virusi" kila ukifungua Chrome: namna ya kuukomesha

Nimetoka kumsaidia mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Kila akifungua Chrome, pembeni kulia chini kwenye kioo unaruka ujumbe kwamba mashine imeshambuliwa na virusi, alipie ulinzi haraka. Fundi alishamwambia ni lazima ipigwe Windows upya. Pesa ya bure hiyo! Mara nyingi ujumbe wa namna hii ni arifa tu ya tovuti iliyopewa ruhusa. Mtu alikuwa anatafuta mechi au filamu ya bure, ukurasa ukamwambia aruhusu arifa ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti, naye akabonyeza.

1. Usiubonyeze ujumbe wenyewe. Soma maandishi madogo yaliyomo: utaona jina la kivinjari na la tovuti. Usipoona hata moja, huenda ni programu iliyowekwa kwenye Windows, na hiyo inatafutwa kwenye orodha ya programu.

2. Kwenye sehemu ya anwani andika chrome://settings/content/notifications kisha Enter. Njia ya menyu ipo, lakini hubadilika toleo hadi toleo, mimi nimeshaiacha.

3. Kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, kila jina usilolijua bonyeza vidoti vitatu, uchague kuzuia. Usichague kuondoa, maana ikiondolewa inaweza kuomba ruhusa tena, na mteja mwenye haraka ataibonyezea tena. Halafu juu ya ukurasa huohuo weka tovuti zisiruhusiwe kutuma arifa kabisa. Zile ulizoziruhusu mwenyewe, kama barua pepe, hazitaguswa.

4. Profaili. Wengi wanakwama hapa: umesafisha kila kitu, kesho ujumbe umerudi. Profaili ni sehemu ya mtumiaji mmoja ndani ya Chrome, na kila moja ina orodha yake ya ruhusa, na kusafisha moja hakugusi nyingine. Kompyuta za dukani hujaa profaili, kwa sababu wateja huingia na Gmail zao kuchapa vyeti na kujaza fomu, kisha wanaondoka zao. Bonyeza duara lenye picha au herufi juu kulia, uone ziko ngapi. Fungua moja moja, rudia hatua ya 2 na ya 3 katika kila moja. Za watu waliokwishaondoka zifute kabisa, ila hakikisha kwanza si ya mwenye duka: alamisho na nywila ambazo hazijahifadhiwa kwenye akaunti ya Google zitakwenda nayo.

Ukiwa hapohapo, fungua chrome://settings/system uzime ile swichi inayoiacha Chrome ikiendelea kufanya kazi chinichini baada ya kufungwa. Na kama jina uliloliona kwenye ujumbe ni la Edge, umehangaika na kivinjari kisichohusika. Edge ina orodha yake: edge://settings/content/notifications.

5. Kama kinachokuja ni ukurasa mzima, si arifa, anza na chrome://settings/onStartup, penye kurasa zinazofunguka Chrome ikiwashwa, uondoe usiyoijua. Kisha bofya ikoni ya Chrome kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake (Properties), utazame mstari wa njia ya programu (Target). Ukikuta anwani ya tovuti baada ya chrome.exe, ifute. Ikoni iliyobandikwa kwenye upau wa chini ina mstari wake peke yake. Ibandue, uibandike upya.

6. Fungua chrome://extensions, penye viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye Chrome. Futa usichokijua. Kikigoma kufutika, na Chrome inadai inasimamiwa na shirika wakati mashine ni yako mwenyewe, mwonyeshe fundi kilichoandikwa kwenye chrome://policy. Hiyo ndiyo kazi ya kumlipa.

Usipakue "kisafishaji" chochote cha mtandaoni. Na ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokutuma kwenye kisafishaji cha Chrome yenyewe, kiliondolewa mwaka 2023, usipoteze muda kukitafuta.

Mwisho zima mashine, iwashe, fungua Chrome usubiri. Jaribu ukiwa na bando: arifa hizi zinasukumwa kutoka mtandaoni, kwa hiyo ukimya wa kompyuta isiyo na intaneti hauthibitishi kitu.