Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Matairi Mapya ya Gari la Kasi

Gari lenye injini kubwa, breki pana na springi ngumu hushikana na barabara kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Nguvu yote ya injini hupita hapo, na nguvu yote ya breki hupita hapo hapo. Anayebania fedha kwenye matairi ya gari la namna hii anakuwa ameshaharibu breki na usukani wake, hata kama hajagusa nati moja. Kwa hiyo soma haya kabla hujaenda dukani, si wakati gari limeshapandishwa jeki na fundi anakusubiri useme neno.

Anza na saizi. Isome kwenye kibandiko kilichopo katika nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari, wala usinakili tu maandishi ya matairi unayoyatoa, kwa sababu aliyekuuzia gari huenda alikwisha kuyabadilisha kwa kadiri ya mfuko wake. Angalia pia kama mbele na nyuma zinatofautiana, kwani magari mengi ya kasi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma hutoka kiwandani yakiwa na matairi mapana zaidi nyuma.

Tuseme umekuta 245/40 R18 97Y. Tairi hilo lina upana wa milimita 245, kimo cha ubavu ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 98, na rimu yake ni ya inchi 18. Ukitaka kuhamia rimu ya inchi 19, piga hesabu kwanza: 245/35 R19 inakurudisha kwenye kimo kile kile cha tairi zima, takriban milimita 654 badala ya 653, lakini 245/40 R19 inaongeza kimo cha tairi kwa milimita 25 hivi, na hapo spidomita itakuonyesha mwendo mdogo kuliko ulio nao, huku tairi likianza kusugua ndani ya madgadi kila unapokata kona. Usikubali kuambiwa kwamba linaingia. Kuingia si kufaa.

Namba 97 inawakilisha uzito ambao tairi moja linaweza kuubeba, nao ni kilo 730. Herufi Y ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 300 kwa saa. W ni 270, V ni 240, H ni 210. Nimewasikia wengi wakisema kwamba wao hawafiki hata 180, kwa hiyo H inawatosha. Herufi hiyo haihusu mwendo peke yake. Tairi la kiwango cha juu limeundwa listahimili joto na lisilegee, na gari lako lilipangiwa springi na usukani wake likiwa limevaa tairi la namna hiyo. Ukishusha kiwango utaona gari linachelewa kuitikia usukani, na utaliona hilo siku unapohitaji liitikie upesi. Usishuke chini ya kile kilichoagizwa na kiwanda, kwa uzito wala kwa mwendo.

Aina ya mpira nayo ina mambo yake. Tairi la kiangazi hushika vizuri sana kwenye joto, lakini likikutana na baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi mpira wake hukakamaa na kuteleza; anayeishi penye baridi ya namna hiyo anahitaji seti ya pili, si moyo mgumu. Ubavuni mwa matairi mengi utakuta pia namba ya uchakavu, mathalani 200 au 500. Kwa kawaida namba ndogo huashiria mpira laini unaoshika sana na kuisha mapema. Lakini namba hiyo hutolewa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo usiitumie kama mizani ya kupimia chapa mbili tofauti. Na yale matairi yaliyokaribia kuwa ya uwanja wa mashindano, yenye mifereji michache na mifupi, yaache kama gari hilo hilo ndilo linalokupeleka kazini wakati wa mvua, kwa kuwa mifereji ndiyo inayoyatoa maji chini ya tairi.

Ukiona alama ya nyota ya BMW, MO ya Mercedes-Benz, AO ya Audi, au N na tarakimu ya Porsche, ujue tairi hilo lilirekebishwa kwa ajili ya magari ya kampuni hiyo. Tairi lenye alama na lisilo na alama yanaweza kuwa na jina moja lakini mwenendo tofauti, hivyo usiyachanganye kwenye ekseli moja.

Sasa tarehe, na hapa naomba uniazime masikio yako yote mawili.

Baada ya herufi DOT hufuata msururu wa herufi na tarakimu, na tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nilikuwa nalijua hilo. Mwaka 2021 nilikwenda kununua matairi manne ya gari langu, aina ile yenye mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Yalikuwa meusi ti, yanang'aa, na vile vinywele vya mpira bado vimesimama. Fundi alipomaliza kuyavalisha nilizunguka upande wa kulia wa gari, nikachuchumaa, nikasoma 4020 mbele na 4020 nyuma. Wiki ya 40 ya mwaka 2020. Nikaridhika, nikalipa, nikaondoka.

Ambacho sikukifikiria ni kwamba tarehe kamili mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu wa tairi. Tairi lenye mshale likifungwa kulia huonyesha ubavu mmoja nje, na likifungwa kushoto huonyesha ubavu wa pili. Tarehe za upande wa kushoto zilikuwa zimeangalia ndani, kwenye giza la springi na breki, na mimi sikuinama.

Kwa wiki tatu za jua sikuona tofauti yoyote. Kisha ikanyesha mvua ya kwanza. Nilikuwa na mdogo wangu kiti cha pembeni, mwendo wa kilomita 70 hivi, nikakanyaga breki kwa nguvu kidogo kwa sababu lori lililokuwa mbele lilipunguza mwendo ghafla. Gari lilivuta kulia kana kwamba kuna mtu ameushika usukani, makalio yakazunguka kwa kushoto, na nilipopata fahamu ya kilichotokea tulikuwa tumesimama kwenye majani tukitazama tulikotoka. Mdogo wangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Hakuna aliyeumia. Rimu moja ilipinda.

Kesho yake gari lilipandishwa juu, nikaingia chini na tochi, nikapangusa tope kwa kidole. 1813. Matairi yote mawili ya kushoto yalitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2013, yakakaa stoo miaka minane, yakapakwa dawa ya kung'arisha, yakaunganishwa na mawili mapya ili seti itimie. Nilibonyeza ukucha kwenye kashata za tairi la kulia, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, ukaingia na kuacha alama. Nikabonyeza la kushoto, ukateleza kama nimegusa plastiki. Basi upande mmoja wa gari ulikuwa unashika lami yenye maji na mwingine haushiki. Muuzaji alinijibu kwamba matairi yakishatembea barabarani hayarudishwi, na kwamba nilikuwepo yalipokuwa yakivalishwa. La pili lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla tairi halijagusa mashine ya kuvalishia, lilaze chini, soma ubavu mmoja, ligeuze, soma wa pili. Fanya hivyo kwa yote manne na uandike tarehe zake kwenye risiti, mbele ya muuzaji. Usiulize kama ni jipya, kwa sababu kwake jipya ni lile ambalo halijatumika. Uliza ni la wiki gani na mwaka gani. Viwanda vingi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na liondolewe likifika 10, hata kama kashata zimejaa. Kwa gari la kasi mimi sisubiri kupita 6. Novemba 2013, gari aina ya Porsche Carrera GT lilipata ajali huko California, wakafariki mwigizaji Paul Walker na rafiki yake aliyekuwa akiendesha. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo uliopita kiasi, lakini walitaja pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka 9.

Kama fedha zinatosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza utapunguza mwendo na usukani utarudi. Nyuma ikiteleza huna muda. Lakini kama gari lako linasukumwa na magurudumu yote manne, nunua manne, kwa sababu tairi lililochakaa lina mzingo mdogo na huzunguka mara nyingi zaidi, na difu au giaboksi itafanya kazi ya kusawazisha tofauti hiyo bila kupumzika mpaka ichemke.

Aliyekuwa na matairi yanayoweza kutembea bila upepo akumbuke kwamba gari lake huenda halina tairi la spea. Akihamia ya kawaida atafute spea au vifaa vya kuzibia pancha kabla ya safari.

Siku ya kufunga, agiza vali mpya, balansi kwa yote manne, na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, baada ya hapo, maana alaimenti mbovu inaweza kula ukingo wa ndani wa tairi jipya bila wewe kuuona. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo upimwe matairi yakiwa ya baridi, kabla hujaendesha, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, si kipimo cha kujaza. Kilomita 300 za kwanza uende taratibu, kwani tairi jipya bado lina utelezi uliobaki kutoka kiwandani. Mvua ikinyesha ndani ya siku hizo, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na usimpe mtu mwingine funguo kabla hujamweleza kwamba matairi ni mageni.