Masika Tanga: kupunguza unyevu na kuvu ndani ya nyumba

Jamani mwezi wa 3 mpaka wa 5 huku Tanga nguo kabatini zinanuka uvundo, ukuta unatoa madoa meusi, na wenye pumu ndo wanateseka zaidi, kwaiyo msichukulie poa. Kwanza kabisa msianike nguo chumbani, maji yote yale yanaishia hewani afu ukutani, anika barazani. Mvua ikikata fungua madirisha ya pande mbili upepo upite, ikirudi funga. Kabati lisigusane na ukuta, godoro usilaze sakafuni. Ukipata higromita, kile kipimo cha unyevu, jitahidi isizidi asilimia 60, ingawa kwa pwani bila kiyoyozi ni ngumu kweli, ila feni inasaidia kukausha. Madoa sugua kwa maji ya sabuni umevaa barakoa, lakini kama bati linavuja ziba hilo kwanza maana kuvu itarudi tu.

Na tafadhali sana, msiwashe jiko la mkaa ndani mkafunga milango eti mkaushe chumba, ile gesi yake haionekani wala hainuki na inaua watu wakiwa wamelala.