Simu Moja, Darasa Zima: Jinsi ya Kutengeneza Katuni ya Somo la Sayansi

Mwanafunzi anaweza kukariri "yai, lava, pupa, mbu kamili", akapata alama zote, na bado asijue lava, yaani mtoto wa mbu aishiye majini, hupumulia wapi. Mpe kazi ya kutengeneza katuni ya sekunde 15 kuhusu mambo hayohayo, naye atakwama papo hapo. Yai linakaa wapi? Lava analala vipi majini? Mbu anatokaje kwenye pupa bila kuzama? Katuni ya picha mojamoja, yaani unasogeza kitu kidogo, unapiga picha, kisha unarudia, haimpi mtoto nafasi ya kuruka hatua, maana kila sekunde inataka picha 10, na katika kila picha lazima mtu aamue kitu kiko wapi. Mtaala wa umilisi wa Kenya ulioanza kutumika kitaifa 2019 na mtaala ulioboreshwa wa Tanzania ulioanza Januari 2024 yote inataka mtoto atende, si kusikiliza tu. Kazi hii ni ya kutenda kwelikweli, na simu moja ya mwalimu inaitosheleza.

Mfano wetu ni maisha ya mbu wa malaria, Anofelesi. Njia ni ileile kwa mzunguko wa maji, mmeng'enyo wa chakula au kuota kwa mbegu ya maharage.

Anzeni na karatasi, simu ibaki mfukoni

Gawa darasa katika vikundi vya watu 6 hadi 8. Kila kikundi kichukue karatasi ya A4, waikunje mara tatu mpaka wapate vyumba 8. Katika kila chumba wachore kinachoonekana na waandike idadi ya picha. Sekunde 15 kwa picha 10 kila sekunde ni picha 150. Mgawanyo unaofaa kwa mbu ni huu: yai picha 20, lava 50, pupa 25, mbu kutoka kwenye ganda 40, kuruka 15.

Hapa ndipo somo lilipo, kwa hiyo usiharakishe. Tumia kipindi kizima cha dakika 40 na upite kila kikundi ukiuliza maswali. Watoto wengi watachora lava akining'inia kichwa chini. Huyo ni lava wa Kuleksi, aina nyingine ya mbu, anayevuta hewa kwa mrija ulioko mkiani. Lava wa Anofelesi hana mrija huo. Hulala sambamba na uso wa maji, mgongo juu, na hugeuza kichwa nyuzi 180 ili ale vilivyoelea. Mayai nayo: Kuleksi huyagandisha pamoja kama chelezo, Anofelesi hutaga moja moja, kila yai likiwa na maboya yake ubavuni. Pupa amejikunja kama alama ya mkato na hali chochote. Mbu kamili hupasua mgongo wa pupa, hutoka, kisha husimama juu ya maji mpaka mabawa yakauke. Kikundi kisichoweza kujibu maswali haya kisiguse kamera kwanza. Kirudi kwenye kitabu, au kiende kuangalia maji ya dimbwi kwenye chupa angavu yenye mfuniko.

Vifaa

Kila kikundi kinahitaji manila ya bluu ya ukubwa wa A3 kwa mandhari, manila nyeupe ya kukatia wahusika, mkasi, kalamu nene za rangi na selotepu. Chora mstari wa uso wa maji theluthi moja kutoka juu. Kata lava wa saizi nne, sentimita 2, 4, 6 na 8, kwa kuwa lava hukua kwa hatua nne, akijivua ngozi kila hatua. Kwa lava mkubwa kateni nakala tatu: aliyepinda juu, aliyenyooka, aliyepinda chini. Mtazibadilisha kwa zamu na ataonekana akijinyonganyonga. Ni kazi rahisi kuliko kutengeneza kikaragosi chenye viungo, na matokeo yake ni mazuri zaidi.

Kwenye simu, weka programu ya Stop Motion Studio. Toleo la bure linatosha, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti kupiga picha. Washa kile kipengele kinachoonyesha picha iliyotangulia kama kivuli chepesi juu ya ile mpya. Bila hicho, msogezaji anakisia tu.

Kusimika simu

Simu iangalie chini moja kwa moja. Panga vitabu marundo mawili yenye kimo sawa cha sentimita 35 hadi 40, laza rula mbili ngumu juu yake, kisha weka simu katikati kamera ikiwa wazi. Kwa kimo hicho simu nyingi zinaiona A3 yote. Funga simu na rula kwa selotepu.

Usitumie dawati la wanafunzi. Madawati mengi yana benchi lililoungana na meza, mtoto mmoja akijigeuza picha yote inaruka. Meza ya mwalimu ni bora, na sakafu ya saruji ni bora kuliko meza. Bandika manila kwenye pembe zote nne, kisha zungushia marundo ya vitabu mstari wa chaki, ili yakisukumwa yarudishwe palepale.

Weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya picha ya kwanza. Ujumbe mmoja ukiingia simu hutetemeka, na kupigiwa huiondoa programu kwenye kioo katikati ya tukio.

Kupiga

Wanaokaa kwenye kamera ni wanne: msogezaji, mpigaji, mhesabuji na mlinzi wa mwanga. Wengine wanashika karatasi ya mpango na kuandaa wahusika wa tukio linalofuata. Mpigaji asibonyeze kioo kwa nguvu. Akiweza atumie hedfoni ya waya, maana kwenye simu na programu nyingi kitufe cha sauti hupiga picha. Isipokubali, aguse kwa ncha ya kidole tu.

Mwendo ni hesabu. Kitu kikisogea sentimita 1 kila picha, kinakwenda sentimita 10 kwa sekunde na kuvuka A3 kwa sekunde 4 hivi. Yai linaloelea lisogezwe milimita 2 au 3. Mbu anayeruka aanze na sentimita nusu, kisha 1, kisha 2, kisha 3, kwa sababu hakuna kiumbe kinachoondoka kwa kasi yake kamili mara moja. Watoto wakilielewa hili, katuni inapata uhai. Kila pozi la lava lishikiliwe kwa picha mbili. La sivyo atatetemeka badala ya kuogelea.

Kikundi kinachoanza hupiga picha 5 au 6 kwa dakika, kwa hiyo picha 150 zinachukua karibu nusu saa. Kwa vikundi 6 hiyo ni saa tatu za kamera. Panga vikundi viwili kwa siku, vingine vikifanya zoezi la kuandika. Usivibane vyote katika kipindi kimoja: watapunguza picha, na matukio ya kati, yaani sayansi yenyewe, ndiyo yatakayokatwa kwanza. Mhesabuji aandike namba ya picha ambako kila tukio linaanza. Orodha hiyo itakuokoa baadaye.

Yanayoharibika, na sababu yake

Mwanga kupepesa ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Kamera hujirekebishia mwanga na rangi kila inapopiga. Mkono wenye sare nyeupe ukikaribia, picha inakuwa nyeusi. Gusa kioo na ushikilie mpaka alama ya kufunga itokee, au funga mwanga ndani ya programu yenyewe. Pili, jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kivuli cha nondo za dirisha kitatembea juu ya manila yako. Tandaza shuka nyeupe dirishani. Siku ya mawingu ya hapa na pale usipige kwa mwanga wa nje. Funga madirisha utumie taa mbili, kushoto na kulia, zikiangaza kwa mshazari ili kivuli cha simu kisianguke kwenye picha. Ukiona mistari inayopita kwenye picha, ni taa ya umeme: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingine huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Badilisha balbu.

Mkono umeonekana kwenye picha? Futeni hiyo moja, msianze upya. Manila imesogea? Tumia kile kivuli cha picha iliyotangulia kuirudisha mpaka mistari ilingane. Simu imejaa? Punguza ubora hadi 1280 kwa 720; kwa projekta ya darasani au kioo cha simu inatosha kabisa.

Sauti

Sekunde 15 zinabeba maneno 30 hivi, si zaidi. Waandike, wahesabu, wakate. Zoezi hili la lugha linastahili alama zake, kwa kuwa mtoto anayeweza kusema "hutaga moja moja juu ya maji" badala ya aya nzima ameelewa. Rekodini mbali na bati linalopigwa na mvua, simu ikiwa sentimita 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige kishindo. Kanga nene mbili zikitundikwa nyuma ya msomaji zinapunguza mwangwi wa darasa tupu.

Sura za watoto zisionekane. Majina kamili nayo yasiandikwe mwishoni mwa katuni inayotoka nje ya shule. Kenya na Tanzania zote zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na ridhaa ya mzazi inahitajika. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili ya hati, maana ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora.

Kuonyesha na kusahihisha

Gawa alama hivi: 5 za usahihi wa sayansi, 3 za mpango wa karatasi, 2 za ufundi wa picha. Ukizidisha za ufundi, kikundi chenye mchoraji hodari kitashinda hata kama lava wake amening'inia kichwa chini.

Onyesha kila katuni mara ya kwanza bila sauti, na kikundi kingine ndicho kieleze kinachotokea. Wasipoeleza vizuri, kuna hatua haionekani. Hapo fungua orodha ya mhesabuji. Tuseme pupa alipitishwa haraka mno, picha 71 hadi 95: simika simu ndani ya mistari ya chaki, linganisha na picha ya 70, mpige hizo 25 tu upya. Dakika tano. Wahusika wa karatasi wawekwe kwenye bahasha yenye jina la kikundi, wasitupwe mpaka kila marekebisho yawe yamekwisha.