SOMO: Mzozo wa kazi kwa msuluhishi wa serikali, kabla hamjagoma

Kila kiwanda cha sukari huku kwetu magharibi mwa Kenya kikichelewesha mishahara, simu haitulii: "Katibu, tunagoma Jumatatu, tuandikie notisi." Nimechoka kurudia. Someni hapa kwanza. Sheria ni ile ya Kenya ya Mahusiano ya Kazi ya 2007.

1. Kaeni na mwajiri, mfuate CBA yenu (mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri), muweke kumbukumbu.

2. Mkikwama, chama cha wafanyakazi kiripoti mzozo kwa Waziri wa Leba kwa maandishi, mwajiri apate nakala. Kama mtu amefutwa kazi, msipitishe siku 90 tangu afutwe.

3. Waziri ana siku 21 za kuteua msuluhishi.

4. Msuluhishi ana siku 30, na zinaongezwa pande zote zikikubali. Huyu si hakimu. Hatoi hukumu, anatafuta mahali mnapoweza kukutana. Mkielewana, yaandikwe, mtie sahihi nyinyi, mwajiri na yeye.

5. Ikishindikana, anatoa cheti kwamba mzozo haujatatuliwa. Zile siku zikiisha bila cheti, pia unahesabiwa haujatatuliwa.

6. Notisi ya mgomo. Hapa ndipo watu huumia. Ni siku 7, kwa maandishi, kwa mwajiri NA kwa Waziri. Tawi moja hapa Magharibi lilipeleka kwa meneja peke yake, na katibu wa tawi ndiye aliyetia sahihi. Sheria inamtambua katibu mkuu, au mtu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Barua ya uteuzi haikuwepo. Mwajiri alikimbilia mahakama ya kazi, mgomo ukasimamishwa watu wakiwa tayari langoni na matawi ya miti. Kwa hivyo: ombeni barua ya katibu mkuu mapema. Pelekeni nakala mbili kila mahali, yenu irudi na muhuri na tarehe. Msitume picha kwa WhatsApp mkaiita notisi.

MASWALI

Mdau wa Muhoroni: Tukigoma bila hayo yote, watatufanya nini?
— Hatua ya 6 umeisoma? Mgomo usiolindwa na sheria, yaani usiofuata hatua hizi, unahesabika kuvunja mkataba, na unaweza kuadhibiwa kazini. Ukilindwa, mwajiri hawezi kukufuta kwa sababu ya kugoma.

Mdau wa Muhoroni: Na mshahara wa siku za mgomo?
— Halazimiki kulipa, hata mgomo ukiwa halali. Jipangeni.

Mdau wa Chemelil: Katiba kifungu cha 41 inatupa haki ya kugoma. Hizi siku zote za nini?
— Haki ipo, sijaikana. Ukitaka kubishana na hakimu, karibu. Mimi naeleza njia ambayo haikupotezei kazi.

Dada wa Naivasha: Sisi ni wa maua. Shamba jirani wamegoma, tunaweza kuwaunga mkono?
— Swali zuri, dada. Kugoma kwa ajili ya mzozo wa mwajiri mwingine hakuruhusiwi, labda muwe na mzozo wenu na mwajiri wenu uliopitia hatua hizi. Ila baada ya kazi mnaweza kuwachangia unga na nauli, maana wagomaji wengi hushindwa hapo, wiki ya pili.

Dada wa Naivasha: Asante katibu. Kwenye kikao cha msuluhishi tupeleke nani?
— Msijaze viongozi tu. Beba hati za mshahara za miezi kadhaa, na mtu mmoja anayefanya kazi yenyewe. Kikao kimoja tulienda na mzee wa boila. Alipoulizwa ovataimu alitoa daftari lake la zamu, saa ya kuingia na ya kutoka, kwa kalamu ya bluu. Upande wa pili waliomba mapumziko ya chai.

Mdau wa Chemelil: Daftari la kawaida tu?
— La shule, lile la kurasa 96. Anza leo.