Kumbukumbu Ikae Karibu na Uzi Unaoitumia: NUMA kwenye Linux

Kwenye seva yenye soketi mbili (nafasi za kuchomeka prosesa), kila prosesa ina RAM yake iliyounganishwa nayo moja kwa moja. Inaweza pia kusoma RAM ya mwenzake, ila data hupitia kiunganishi kilicho kati yao, na hapo ndipo muda unapopotea. Mpangilio huu ndio NUMA (Non-Uniform Memory Access). Data ikiwa mbali, programu huwa nzito tu, na `top` haikwambii kitu, kwa kuwa uzi (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) unaosubiri data kutoka RAM huhesabiwa kuwa uko kazini.

Hatua ya 1: Ijue mashine

```
numactl --hardware
```

Utaona nodi (nodi ni kundi la prosesa pamoja na RAM iliyo karibu nazo), prosesa na RAM za kila nodi, kisha jedwali la umbali. Nodi kwenda kwenye RAM yake huandikwa 10. Kwenda kwa jirani mara nyingi ni 20 au 21. Namba hizi hutolewa na firimuwea (programu iliyomo kwenye mashine yenyewe), hazikupimwa, kwa hiyo usizipigie hesabu za kasi. Ukiona nodi moja tu, huna la kupanga hapa.

Hatua ya 2: Jaribu bila kugusa msimbo

```
numactl --cpunodebind=0 --membind=0 ./programu
```

Kazi ikitoshea kwenye nodi moja, huenda ukaishia hapa. Lakini `--membind` haina huruma: RAM ya nodi 0 ikijaa, kerneli (kiini cha Linux) haiazimi kwa jirani, na programu inaweza kuuawa huku nodi 1 ikiwa tupu. Kwenye seva inayohudumia watu natumia `--preferred=0`, ambayo hupendelea nodi 0 lakini huazima kwingine ikijaa.

Hatua ya 3: Anayegusa kwanza ndiye mwenyeji

Wengi hukosea hapa. `malloc` inapokupa eneo kubwa, inakupa anwani tu. Ukurasa, yaani kipande ambacho kerneli hutumia kugawa RAM, na ambacho kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) kwa kawaida ni KiB 4, hupata RAM halisi pale unapoandikwa mara ya kwanza, na kwa kawaida RAM hiyo hutoka kwenye nodi ya uzi ulioandika. Sasa fikiria uzi mkuu unaoita `malloc`, ukajaza sifuri kwa `memset`, ndipo ukazindua nyuzi 32. Kurasa zote zimeshakaa upande mmoja. Nusu ya nyuzi zinachota mbali, na zote zinagombania njia za RAM za nodi ileile.

Tiba yake ni kuanzisha data kwa nyuzi zilezile zitakazoitumia. Hapa natumia OpenMP, ambayo kwa mistari ya `#pragma omp` hugawanya kitanzi kwa nyuzi:

```c
double *a = malloc(n * sizeof *a);

#pragma omp parallel for schedule(static)
for (size_t i = 0; i < n; i++) a[i] = 0.0;

#pragma omp parallel for schedule(static)
for (size_t i = 0; i < n; i++) a[i] = hesabu(i);
```

`schedule(static)` lazima iwepo kote kuwili, na idadi ya nyuzi iwe ileile, ili kila uzi urudi kwenye kipande chake. Ukiweka `dynamic`, ambayo humpa kipande uzi wowote ulio huru, mpango wote umevurugika. Jihadhari pia na kumbukumbu inayorejelewa: baada ya `free`, `malloc` inaweza kukurudishia kurasa zilizokwisha guswa, nazo zitabaki nodi zilikokuwa.

Hatua ya 4: Zuia nyuzi kuhama

Kerneli ikiuhamisha uzi kwenda nodi nyingine, kurasa hubaki nyuma. Kwa OpenMP, funga nyuzi mahali pake hivi:

```
OMP_PLACES=cores OMP_PROC_BIND=spread ./programu
```

Kwa pthreads (maktaba ya kuunda nyuzi mwenyewe), ita `pthread_setaffinity_np` kabla uzi haujagusa data. Ipo pia `/proc/sys/kernel/numa_balancing`: ikiwa 1, kerneli yenyewe hufuatilia matumizi na kuhamisha kurasa. Inafaa kwa programu ambayo hakuna aliyeipanga. Kwa iliyopangwa, ufuatiliaji huo unaweza kuwa gharama ya bure.

Kama karibu data yote inasomwa na nyuzi zote, endesha programu kwa `numactl --interleave=all`, ili kurasa zigawanywe kwa zamu kwenye nodi zote.

Hatua ya 5: Hakiki

```
numastat -p $(pidof programu)
```

Hii inaonyesha kurasa ziko wapi, haionyeshi nani anazisoma. Kujua kama kazi yako inaumizwa na umbali, endesha programu kwa `--cpunodebind=0 --membind=0`, halafu kwa `--cpunodebind=0 --membind=1`, ulinganishe muda. Tofauti ikiwa ndogo, rudisha msimbo ulivyokuwa, ukatafute chanzo cha uzito kwingine.